Maswali ya Abiria: Usiku wa Ijumaa Ni Upi?

Kutoka Unguja hadi Pemba kwa ndege ni masafa gani? (Msomaji, Jang'ombe)

Kilomita 125 hivi, nusu saa. Hili nimeshalijibu si mara moja. Liandikeni ukutani.

Simu yangu inasema Pemba ni kilomita 760. Nani muongo? (Msomaji, Mkoani)

Hakuna muongo, simu imekupeleka Msumbiji. Kule nako kuna mji uitwao Pemba. Kabla ya kulipa tazama herufi tatu za kiwanja: chetu PMA, chao POL. "Nilidhani" hairejeshi nauli.

Dubai kilomita 3,900 ni saa tano na nusu tu. Mbona Pemba hapo nusu saa nzima? (Msomaji, Wete)

Kwa sababu ya Pemba mara nyingi ni ndege ndogo ya panga, kasi yake kama kilomita 300 kwa saa, na haijakaa sawa juu ishaanza kushuka Chake Chake, kiliko kiwanja cha Pemba. Ya Dubai ni jeti, ikishapanda inapita 800. Kusi, upepo wa kusini, likivuma linakusukuma mgongoni kwenda Pemba, kurudi unalikabili, lakini hizo ni dakika chache tu, msimgombeze rubani. Kinachokula muda ni mizani. Nimemuona bwana mmoja kafungua begi mbele ya watu, kavaa koti juu ya kanzu, na halua ya Wete anawagawia wapagazi. Pimeni nyumbani!

Tiketi yangu ya Muscat imeandikwa Ijumaa 00:35. Nije kiwanjani Ijumaa usiku? (Msomaji, Magomeni)

Ukija Ijumaa usiku, ndege ishaondoka tangu usiku uliotangulia. 00:35 ni saa sita na dakika 35, usiku wa kuamkia Ijumaa. Begi litoke nyumbani Alhamisi, ukishasali Isha. Bibi yako asingekosea: kwake usiku wa Ijumaa unaingia Alhamisi jua likizama. Tuliosoma skuli ndio tunaochelewa.

Na 08:00 si saa nane, jamani. Ni saa mbili asubuhi. Niliwahi kukuta ukoo mzima umekuja kumuaga kijana saa saba mchana, tiketi yake ya 08:00. Mama mtu kashika hotipoti, wali bado unatoa moshi, na ndege iko Bara Arabu.

Muscat wako mbele yetu saa moja, kwa hiyo mwambie anayekupokea saa za kwao.

Dar niende kwa boti au ndege? (Msomaji, Mwanakwerekwe)

Ndege ni kilomita 73, dakika 20. Boti kama saa mbili. Lakini boti inakushusha Posta, ndege inakushusha Kipawa, halafu foleni ya Barabara ya Nyerere ikusubiri. Mwenye shughuli mjini apande boti, kama bahari haimtapishi.

Ndege ya Pemba ina choo? (Msomaji, hakutaja mtaa)

Ile ndogo haina. Malizana na haja kiwanjani Kisauni kabla ya kupanda.