"Wrought" ni mtoto wa nani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, Morogoro. Mteja kanionyesha picha ya geti kwenye simu, chini imeandikwa "wrought iron". Usiku nikalikuta neno hilohilo katika Biblia ya Kiingereza ya marehemu babu, Hesabu 23:23: "What hath God wrought!" Kijana wangu wa karakana anasema ni "write" ya wakati uliopita. Nimebisha, tumewekeana soda. Nani anunue?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anunue kijana.

Hiyo ni "work". Waingereza wa miaka elfu moja iliyopita walisema "wyrcan", kufanya kazi. Kazi ikishafanyika, "worhte". Hiyo "h" itamke kooni, kama "kh" ya kheri. Baadaye "r" ikairuka irabu na kukaa mbele, tukapata "wrought". Ndiyo tabia yao: "bird" lilikuwa "bridd", "third" likiwa "thridda". Sisi tuliosema kinyume utotoni tunaujua mchezo huo, ila sisi tulikusudia.

Kisha ile "kh" ikafa, likabaki kaburi lake, "gh". Kaburi kama hilo limo ndani ya "night". Wajerumani wenye "Nacht" yao hawajazika bado. "W" nayo ikanyamaza. Herufi 7, sauti 3! Wanafunzi wangu walininunia kila nilipolitia kwenye imla.

"Worked" lilikuja baadaye likamfukuza mkubwa wake. Lakini Biblia ya King James ya 1611 ilikwisha kumhifadhi, na Samuel Morse alituma maneno hayohayo ya babu yako kwa telegrafu, Washington hadi Baltimore, tarehe 24 Mei 1844.

Kijana asione haya sana. Hata wasomi hudhani "playwright", mtunzi wa tamthilia, ametokana na "write". Wapi! "Wright" ni fundi, wa ukoo uleule wa "work". Wale ndugu wawili walioruka na ndege mwaka 1903, jina lao la ukoo ni Fundi tu.

Sasa geti. "Wrought iron" ni chuma kilichofuliwa kwa nyundo, ingawa siku hizi madukani hata mabomba yaliyochomelewa huitwa hivyo. Kabla hujapokea malipo ya awali, muulize mteja anataka lipi. Kufua maua yale kwa mkono si bei ya kuchomelea.