Nyonga inauma kuliko kabla ya sindano

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 66 na nyonga yake ya kulia imesagika. Juzi asubuhi alichomwa sindano ya steroidi ndani ya nyonga. Mchana ule alitembea vizuri kabisa, ila usiku maumivu yakarudi, na jana yakawa makali kuliko ya mwanzo. Ameanza kumeza diklofenaki zake za zamani, akiona hazimsaidii anaongeza ibuprofeni, na usiku parasetamoli. Ana kisukari na presha. Leo asubuhi sukari ilikuwa 14, wakati kwa kawaida haizidi 8. Je, sindano imekataa?

JIBU: Marahaba. Ni mapema mno kusema hivyo. Kwenye bomba la sindano ya nyonga kwa kawaida huwa kuna dawa mbili. Ya kwanza ni ganzi, inayoanza kazi ndani ya dakika chache na kwisha baada ya saa chache. Ya pili ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe ndani ya kiungo, ambayo huhitaji siku 2 hadi 7 kabla ya kuanza kazi, na kwa wengine hata wiki mbili. Mama yuko katikati: ganzi imekwisha, steroidi haijashika. Juu ya hapo, chembe za steroidi zenyewe huweza kuwasha utando wa kiungo kwa siku moja mbili, ndiyo maana maumivu yanazidi ya awali. Ule mchana mzuri uandikeni na mumweleze daktari wake, kwa sababu unaonyesha kuwa maumivu yanatoka kwenye nyonga yenyewe, si mgongoni.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni vidonge. Diklofenaki na ibuprofeni ni dawa za ukoo mmoja. Ukizichanganya, nafuu haiongezeki. Kinachoongezeka ni hatari ya vidonda vya tumbo na kutokwa damu. Kwa mwenye kisukari na presha, figo ndizo zinazoumia kwanza, hasa kama dawa zake za presha ni enalaprili au losartani pamoja na kidonge cha kukojoza. Aziache zote mbili leo, mpaka daktari wake aone kipimo cha figo.

Abaki na parasetamoli, lakini aimeze kwa saa, asisubiri maumivu yamzidi: vidonge 2 vya miligramu 500 saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku. Vidonge 8 kwa siku ndiyo mwisho. Akiwa na uzito chini ya kilo 50, ugonjwa wa ini au anakunywa pombe nyingi, dozi lazima ipunguzwe na daktari. Someni pia maboksi ya dawa za mafua nyumbani, nyingi zina parasetamoli ndani, na hapo ndipo watu huzidisha bila kujua. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 kwa mara kadhaa kwa siku, inasaidia. Dawa ya kupaka haitafika mbali, kwani kiungo cha nyonga kiko ndani sana.

Sukari imepandishwa na steroidi, na huweza kubaki juu kwa siku kadhaa hadi wiki. Mpimeni asubuhi kabla ya kula na tena jioni. Asijiongezee dawa ya kisukari mwenyewe. Ikibaki juu ya 15, au akianza kiu kali, kukojoa sana au kutapika, apelekwe hospitali.

Atembee kidogo kidogo ndani ya nyumba. Fimbo aishike mkono wa kushoto, upande usiouma. Watu wengi huishika upande mbovu, na nyonga inabaki na mzigo wake wote. Akisimama wima na mikono ikining'inia, kishikio kiwe usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono. Kwenye ngazi, mguu mzima utangulie kupanda, mguu mbovu utangulie kushuka.

Kuna dalili za kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo, hata ikitokea moja tu: maumivu yanayozidi kupanda baada ya siku ya tatu, homa ya 38 au zaidi, kutetemeka, au kushindwa kabisa kukanyaga. Hutokea kwa nadra, lakini huenda bakteria wameingia kwenye kiungo, na gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ya kiungo, huharibika ndani ya siku chache. Parasetamoli hushusha homa, kwa hiyo mpimeni joto kabla ya kumeza dozi, si baada.

SWALI: Natarajia kubadilishwa nyonga mwaka huu. Naweza kuchomwa sindano nyingine kwa sasa?

JIBU: Mweleze kwanza daktari wa upasuaji. Sindano ikichomwa chini ya miezi 3 kabla ya kubadilishwa nyonga, hatari ya kiungo kipya kupata maambukizi huongezeka, hivyo upasuaji huenda ukaahirishwa. Hata bila upasuaji, kati ya sindano na sindano iachwe walau miezi 3. Na kama unatumia dawa za VVU zenye ritonaviri au kobisistati, sema kabla ya kuchomwa: huzuia ini kuvunja steroidi aina ya triamsinoloni, ikarundikana mwilini kwa wiki nyingi. Daktari ataangalia kama kuna steroidi nyingine inayokufaa.