Taa ya Sensa Ikiwaka Si Ushahidi Kwamba Alamu Inafanya Kazi

Msomaji wa Mbezi, Dar es Salaam, ameniandikia wiki hii. Ameongeza vyumba viwili nyuma ya nyumba, na fundi akaihamisha sensa ya alamu ya wizi, ile inayohisi mtu akipita, kutoka sebuleni kuipeleka kwenye korido mpya. Mtu akipita, taa nyekundu ya sensa inawaka vizuri kabisa. Lakini alamu ikishawashwa, mtu huyohuyo anaweza kutembea kwenye korido mpaka asubuhi na king'ora kisilie. Fundi anasema sensa ni nzima, paneli, lile boksi kuu la alamu, ndiyo imekufa, na ameshataja bei ya paneli mpya.

Kaka, usinunue. Ni nadra sana paneli kufa zoni moja tu (zoni ni njia ya waya wa sensa moja au kundi la sensa kwenye paneli), tena siku ileile sensa ya zoni hiyo ilipohamishwa. Inaniuma kuona mwenye nyumba analipishwa kifaa kizima kwa kosa la kuunga waya, wakati ukweli unajulikana kwa multimita ya kawaida kabla chai haijapoa.

Fungua mfuniko wa sensa yoyote ya waya uangalie skrubu zake. Mbili ni za umeme, zimeandikwa + na −, au 12V. Mbili ni za relei, yaani swichi ndogo inayoendeshwa na sensa yenyewe, mara nyingi zimeandikwa NC na C. Mbili nyingine ni za swichi ya mfuniko, T na T, inayotoa taarifa mtu akiifungua sensa. Taa nyekundu inalishwa na zile mbili za umeme. Ikiwaka, imekuambia jambo moja tu: jicho limeona. Taarifa ya kwenda kwenye paneli inapita njia nyingine, ile ya relei. Sensa ikitulia relei imefunga, sensa ikiona relei inafungua, na paneli inahisi badiliko hilo kwenye waya mbili. Waya hizo zikigusana popote njiani, relei inaweza kufungua na kufunga mara elfu bila paneli kujua.

Hapo ndipo rezista, kijipande chenye ukinzani maalumu wa umeme, inapoingia, na hapa naomba usome polepole, kwa sababu kazi nyingi ninazoziona mitaani zimeharibikia hapahapa.

Paneli nyingi zinataka kuona kiasi maalumu cha ukinzani kwenye kila zoni. Za kampuni ya DSC zinatumia rezista ya ohmu 5,600, yenye mistari ya kijani, buluu na nyekundu. Za Paradox zinatumia ohmu 1,000: kahawia, nyeusi, nyekundu. Mstari wa dhahabu pembeni maana yake thamani inaweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 5, kwa hiyo ile ya 5,600 ikisoma kati ya 5,320 na 5,880 ni nzima. Rezista hii inatakiwa kukaa mwisho wa waya, ndani ya sensa, ikiwa imeungwa kwa mfululizo na relei. Waya mmoja wa zoni unaingia NC. Kutoka C inatoka rezista, na mguu wa pili wa rezista unaungana na waya wa pili wa zoni. Kwa mpangilio huo, sensa ikitulia paneli inaona 5,600. Sensa ikiona mtu, au panya akikata waya, paneli inaona njia imekatika. Waya zikigusana, inaona sifuri. Hali hizo zote isipokuwa ya kwanza zinaonekana kwenye kipadi, kile kibao cha kuandikia namba ya siri, papo hapo.

Sasa angalia kinachofanyika. Fundi mwenye haraka anaona uvivu kupanda ngazi na rezista ndogo mkononi, kwa hiyo anaifunga ndani ya boksi la paneli. Zoni inasoma sawa, kila mtu anafurahi. Miaka inapita, sensa inahamishwa, waya unarefushwa juu ya dari kwa kusokotwa na kuzungushiwa utepe, na kwenye joto la chini ya mabati gundi ya utepe inayeyuka, utepe unafunguka, waya mbili za zoni zinagusana. Paneli bado inaona 5,600 yake, maana rezista iko palepale pembeni yake. Kwa paneli, korido hiyo ni salama daima. Nina imani ndugu yangu wa Mbezi yuko hapa, au fundi amefunga rezista moja kwa moja kati ya Z na COM, skrubu mbili za zoni kwenye paneli, na waya wa sensa haukurudishwa kabisa.

Pima mwenyewe hivi. Alamu ikiwa imezimwa, na chumba cha udhibiti cha kampuni yako ya ulinzi kikiwa kimearifiwa, panda kwenye sensa uchomoe waya mmoja wa NC. Kipadi lazima ionyeshe zoni hiyo imefunguka. Isipoonyesha, sensa yako haijaungwa na paneli, hata taa yake ikiwaka namna gani. Kisha nenda kwenye paneli, chomoa waya mbili za zoni kwenye Z na COM, rudisha ule wa NC, na upime waya hizo kwa multimita. Umeme wa sensa uache ukiwa umewaka, kwa sababu sensa nyingi hufungua relei zinapokosa umeme, na utasoma njia imekatika wakati hakuna kosa. Ukisoma 5,600 na njia ikakatika mtu anapopita, kila kitu kiko mahali pake. Ukisoma ohmu chache tu, kumi au pungufu, mtu akipita zisibadilike, waya zinagusana. Zikibadilika mtu akipita, njia ni nzima ila rezista iko kwenye paneli. Ihamishie kwenye sensa.

Kuhamisha kwenyewe si kazi ngumu ukifuata utaratibu. Wapigie chumba cha udhibiti waiweke nyumba kwenye majaribio, la sivyo gari lao litakuwa getini kabla hujashuka ngazi. Zima umeme wa paneli kwenye meinswichi, kisha chomoa waya mwekundu wa betri. Upande wa transfoma wenye volti 230 hauguswi. Ujue pia kwamba king'ora cha nje kinaweza kuwa na betri yake ndani, na kitalia ukikikatia umeme; dawa yake ya kawaida ni kukifungua na kuchomoa betri hiyo. Kazi ikiisha, rudisha betri kwanza, halafu umeme.

Kuchagua mahali ndiko kunakotaka akili kuliko drili. Sensa hizi hazitoi mwanga wala mawimbi yoyote. Zinasikia joto linalosogea kutoka ukanda mmoja wa lenzi kwenda mwingine. Mtu anayekatiza mbele yake anaonekana haraka. Anayeikabili moja kwa moja anachelewa kuonekana. Kwa hiyo kwenye chumba, ifunge konani ili anayeingia kwa dirishani akatize kanda hizo. Kwenye korido, mafundi wengi huiweka mwisho kabisa ikitazama urefu. Inafanya kazi, ila napendelea iwe upande ambao anayetoka kwenye milango ya vyumba atakatiza mbele yake. Kimo ni mita 2.1 hadi 2.4 kutoka sakafuni, kwa kufuata karatasi ya sensa yenyewe. Zile zinazovumilia wanyama haziruhusu hata kuinamishwa kidogo: ukizifunga chini ya kimo chake au ukaziinamisha, paka akiruka juu ya kochi utaamka.

Usiielekeze kwenye dirisha linalopigwa na jua la asubuhi. Usiielekeze kwenye pazia lililo chini ya kiyoyozi. Pangaboi lenyewe halina joto la kuiamsha, ila linapepea pazia na kusukuma hewa ya moto, na hiyo inatosha. Kabati refu lililosogezwa mbele ya sensa linaiziba kabisa, kwani joto la mwili halipiti kwenye mbao wala kioo. Na kwa sisi wa pwani kuna jambo la ziada: joto la chumba kilichofungwa likikaribia nyuzi 35, tofauti kati ya mwili na ukuta inakuwa ndogo na sensa ya bei rahisi inapoteza uwezo wa kuona mbali. Nunua yenye kurekebisha usikivu kulingana na joto. Kwenye varanda iliyozungukwa na nondo tumia ya aina mbili kwa pamoja, joto na mikrowevu, inayolia pale tu zote mbili zinapokubaliana. Punguza nguvu ya mikrowevu, maana hupita kwenye jipsamu na kioo.

Waya wa kazi hii ni wa nyuzi sita za milimita za mraba 0.22. Kwa kawaida nyekundu ni chanya na nyeusi ni hasi, lakini usiamini rangi ulizozikuta, pima. Sensa moja inakula miliampea 10 hadi 20, hivyo kwa mita 30 unapoteza takriban sehemu moja ya kumi ya volti, haina madhara. Usichukulie waya huohuo umeme wa king'ora. King'ora cha miliampea 700 kwa umbali huo kinapoteza zaidi ya volti tatu, na kikilia sensa zinaweza kuzimika. Waya wa alamu upitishe angalau sentimita 30 mbali na nyaya za umeme wa nyumba, na zikikutana zikatize kwa pembe mraba. Juu ya dari uingize kwenye konduiti ya milimita 20. Panya wanapenda plastiki laini.

Kuunga katikati ya njia kuepukwe. Bora uvute waya mpya mzima kutoka kwenye paneli. Ikishindikana, lehemu kwa risasi na ufunike kwa mpira wa kusinyaa, au tumia viunganishi vidogo vyenye jeli ndani. Hewa ya chumvi ya Mbezi, Mombasa au Zanzibar inageuza shaba iliyosokotwa kuwa ya kijani, na hapo unapata zoni inayofunguka siku za mvua na kupona jua likitoka, ugonjwa unaochosha kuliko wote.

Ukitaka sensa mbili kwenye zoni moja, umeme wao unaunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ila relei zinaunga mfululizo na rezista moja tu inakaa kwenye sensa ya mwisho. Rezista mbili zitafanya paneli isome 11,200 na zoni haitafunga kamwe. Na ukiwasha ukakuta zoni zote zenye sensa zimefunguka kwa pamoja, usianze kubadilisha sensa. Chanya na hasi zimegusana mahali, umeme wa AUX, yaani skrubu za paneli zinazolisha sensa, umeshuka. Chomoa waya za AUX moja moja mpaka zipone.

Kabla ya kufunga mfuniko, ziba kwa silikoni tundu waya unapoingilia. Buibui na mijusi wanaingia humo kutafuta wadudu, na mjusi mdogo akipita mbele ya kipokezi ni jitu.

Kuna jambo moja ambalo karibu kila anayehamisha sensa hulisahau: aina ya zoni kwenye programu. Sensa ya sebuleni ambayo huipiti ukiingia inaweza kuwa imewekwa kulia papo hapo. Ukiihamishia kwenye njia kati ya mlango na kipadi, italia kabla hujafika kuandika namba. Lazima iwe zoni ya ndani, inayosubiri ikiwa mlango ndio uliofunguliwa kwanza. Kwenye DSC hiyo ni aina ya 04. Ikiwa korido inaelekea vyumba vya kulala, iweke aina ya 05, ili mkiwasha alamu mkiwa ndani isihesabiwe na mtoto aweze kwenda msalani. Nimeona familia zikiacha kabisa kuwasha alamu usiku kwa sababu ya namba hii moja, na hilo halisameheki kwa fundi anayelipwa. Mwenye nyumba naye adai kuonyeshwa. Asitoe pesa kwa kuonyeshwa taa.

Sensa ikipata umeme iache itulie dakika moja. Kisha toka chumbani, ngoja kidogo, ingia kwa mwendo wa kawaida: ndani ya hatua tatu au nne kipadi iwe imeonyesha zoni. Rudia polepole, rudia umeinama, rudia kutoka kila dirisha na kila mlango. Kama ni sensa isiyo na waya, iweke kwanza kwenye hali ya majaribio, kwani nyingi hulala kama dakika tatu baada ya kuona mtu ili kuokoa betri, na utadhani ni mbovu. Halafu washa alamu kamili, subiri muda wa kutoka uishe, mtu apite, king'ora kilie. Waulize chumba cha udhibiti wamepokea zoni namba ngapi na jina gani. Wakisema sebuleni wakati sensa iko korido, jina libadilishwe kwao na kwenye kipadi kabla hawajaitoa nyumba kwenye majaribio.