Baharia wa Peke Yake: Maswali Yenu na Majibu Yangu

Barua za mara hii ni nyingi, na zaidi ya nusu yake zinauliza kifaa gani kinunuliwe. Nimeyaacha maswali niliyokwisha kuyajibu, isipokuwa moja ambalo limerudi mara nyingi kiasi kwamba kulinyamazia kungekuwa dhambi.

Swali: Nahodha, shikamoo. Mtu anayevuka bahari peke yake hulala lini, na akiwa amelala nani anaangalia mbele?

Marahaba. Hakuna anayeangalia. Kanuni ya 5 ya Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 inataka kila chombo kiwe na mtu wa kuangalia, kwa macho na kwa masikio, wakati wote, wala haimwachii nafasi baharia asiye na mwenzake. Kwa hiyo kila aliyewahi kulala peke yake baharini, mimi nikiwamo, ameivunja kanuni hiyo, na ni afadhali tukiri hivyo kabla ya kuanza kuzungumzia kengele na vidude.

Wengi wameshika kwamba kulala dakika 20 kunatosha kukulinda, kana kwamba namba hiyo ni hirizi. Hebu tuipigie hesabu. Ukisimama sitahani, macho yako yakiwa mita 2 juu ya maji, upeo wako uko karibu maili 3 za baharini. Taa ya meli iliyo mita 25 juu ya maji utaweza kuiona, hewa ikiwa safi, kwa umbali wa maili 13 hivi. Meli hiyo ikija kwa noti 20, yaani maili 20 za baharini kwa saa, nawe ukiielekea uso kwa uso kwa noti 6, mnakaribiana kwa noti 26, na maili hizo zote zinakwisha kwa nusu saa. Lakini kukiwa na mvua au ukungu mwepesi, utaiona meli ikiwa imebakiza maili 5, ambazo hukwisha kwa dakika 11 na ushei. Dakika 20 ni za usiku wa hewa safi; usiku mwingine hesabu yake ni nyingine, na inabidi uifanye kabla ya kujilaza, si baada ya kushtuka.

Mfumo wa AIS, wa kutambulishana meli kwa redio, unasaidia sana, kwa kuwa meli za tani 300 na zaidi zinazosafiri kimataifa zinalazimika kutangaza mahali zilipo, na kifaa chako kinaweza kukuamsha zinapokaribia. Hata hivyo mashua nyingi za uvuvi hazina mfumo huo, nyangumi hana, na kontena lililoanguka melini halina. Wala usijidanganye kwamba wenye meli watakuona wewe: chombo kidogo cha tanga, katika bahari iliyochafuka, hupotea kwenye rada katikati ya mawimbi. Ninapokuwa karibu na nchi kavu au kwenye njia kuu za meli silali kabisa. Nikizidiwa, naelekeza omo, yaani mbele ya chombo, upande wa bahari kuu, naenda saa kadhaa mpaka palipo wazi, ndipo nalala. Safari hurefuka kwa nusu siku, na sijawahi kuijutia nusu siku hiyo.

Swali: Je, simu yenye GPS na ramani inatosha kwa kuvuka bahari?

Hili ndilo lile swali. Haitoshi. Limejibiwa hapa mara kadhaa na bado barua zinakuja, baadhi zikieleza kwamba simu ya mwandishi ni mpya, kana kwamba maji ya chumvi huheshimu upya.

Tatizo kubwa, hata hivyo, si simu kuharibika. Tatizo ni kwamba kioo kidogo humfanya mtu aamini kuwa amekwisha kuiona ramani nzima. Mwishoni mwa Novemba 2014 chombo kimoja cha mashindano ya kuzunguka dunia, chenye mabaharia wazoefu na vifaa bora kuliko vyote nilivyowahi kuvigusa, kilipanda usiku juu ya miamba ya Cargados Carajos katika Bahari ya Hindi. GPS yao ilikuwa nzima. Ramani ya elektroniki ilikuwa na miamba hiyo, ila haikuonekana ipasavyo kwa kipimo cha mbali walichotumia walipopanga njia. Ilikuwa lazima waikuze picha, na hawakuikuza vya kutosha. Wote walinusurika, lakini hao walikuwa watu tisa, na wewe utakuwa mmoja. Basi pitia njia yako yote, maili kwa maili, picha ikiwa imekuzwa, kabla ya kung'oa nanga, na uwe na ramani ya karatasi ya bahari utakayoivuka. Pia andika batli, yaani daftari la safari, kila baada ya saa moja unapokuwa macho: saa, mwelekeo, umbali, mahali, upepo na kipimahewa, yaani kanieneo ya hewa. Dakika mbili tu. GPS ikizimika, jambo la mwisho ulilokuwa na hakika nalo litakuwa limeandikwa, nawe utakuwa na pa kuanzia.

Swali: Na kama vifaa vyote vimekufa, nitajuaje nilipo?

Ukiwa na batli, unajua ulipokuwa saa moja iliyopita, na kutoka hapo unahesabu kwa mwelekeo, mwendo na muda. Mwendo unapimika bila umeme. Tupa kipande cha ubao majini omoni, uhesabu sekunde hadi kifike tezini, yaani nyuma ya chombo: chombo cha mita 10 kikikipita ubao huo kwa sekunde 4, unakwenda mita 2.5 kwa sekunde, yaani karibu noti 5. Rudia mara tatu uchukue wastani, kwa sababu wimbi moja linaweza kukudanganya.

Baada ya hapo kuna jua. Kwa sekstanti, kifaa cha kupimia pembe, unapima kimo chake kinapofikia kilele wakati wa adhuhuri, na kwa jedwali la mwinamo wa jua (yaani liko nyuzi ngapi kaskazini au kusini ya ikweta) la siku hiyo unapata latitudo, hata kama saa yako si sahihi sana. Dakika moja ya pembe, yaani sehemu ya 60 ya nyuzi, ni maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Katika chombo kidogo kinachoyumba, ukikosea maili tatu au nne usijilaumu. Longitudo ndiyo inayodai saa sahihi, kwa sababu dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, na saa yako ikikosea sekunde 4 tu, umekosea maili nzima ukiwa karibu na ikweta. Ikikosea dakika moja, ni maili 15. Mabaharia wa zamani, kabla ya kronometa, yaani saa sahihi ya baharini, kuenea, walilikwepa tatizo hilo kwa kuifikia kwanza latitudo ya bandari wakiwa mbali nayo, kisha wakaifuata kama njia hadi nchi kavu ikaonekana. Njia hiyo haijachakaa. Kirsten Neuschäfer wa Afrika Kusini, aliyeshinda mashindano ya tanga ya Golden Globe mwaka 2023, alizunguka dunia peke yake kwa siku 235 katika mashindano hayo, yanayowakataza washiriki kuongoza vyombo vyao kwa GPS.

Kuna msomaji atakayenikumbusha Joshua Slocum, wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga, kati ya 1895 na 1898, akiwa na saa ya bati yenye uso uliovunjika. Ni kweli. Ila Slocum alikuwa amekaa baharini miaka mingi kama nahodha wa meli kabla ya kuigusa saa hiyo, na aliweza kuusoma wakati kwa kupima pembe ya mwezi. Anayemtaja ili ahalalishe uvivu wake amesoma nusu ya habari.

Swali: Chombo cha urefu gani kinafaa kwa mtu mmoja?

Kile ambacho tanga lake kuu unaweza kulishusha peke yako, gizani, ukiwa mgonjwa.

Swali: Dira yangu inasoma nyuzi 265 na GPS inasema ninakwenda nyuzi 248. Nitupe ipi?

Usitupe chochote. Dira inakueleza omo imeelekea wapi kwa kufuata kaskazini ya sumaku. GPS inakueleza chombo kimesogea wapi hasa, na mara nyingi kwa kufuata kaskazini ya kweli. Angalia ramani yako: ikiwa mahali hapo sumaku imepotoka nyuzi 14 magharibi, basi 265 yako ni 251 ya kweli, na nyuzi tatu zilizobaki ni mkondo pamoja na upepo unaokusukuma ubavuni. Hakuna kilichoharibika, isipokuwa ulianza safari kabla ya kujifunza hesabu hii, na hilo nakuomba ulirekebishe leo hii.

Kipo chanzo cha tatu cha tofauti kama hiyo, ambacho ni chuma kilichomo chomboni mwenyewe. Safari moja nilipanga makopo ya chakula katika kabati ambalo, upande wa pili wa ubao wake, kulikuwa na dira ya usukani wa kujiendesha. Nilipopima kabla ya kuondoka, makopo yakiwa yote mahali pake, dira ilikuwa sawa. Kisha nikaanza kula. Kila wiki chuma kilipungua na kosa likaongezeka, nami nikawa naulaumu mkondo. Kilichonifumbua macho ni batli: kwa siku 20 tofauti kati ya mwelekeo nilioupanga na ule nilioupata ilikuwa imekua kutoka nyuzi 3 hadi 11, daima upande uleule, ingawa upepo ulikuwa umegeuka mara mbili. Mkondo haufanyi hivyo. Niliyahamisha makopo yaliyobaki nikiwa natukana, na ilinibidi kuipima dira upya kwa jua linalozama.

Swali: Je, naweza kunywa maji ya bahari kidogo kidogo ili kuokoa akiba?

Hapana. Chumvi yake huzidi ile ambayo figo zinaweza kuitoa, kwa hiyo kila kikombe kinakupunguzia maji mwilini. Ukiogopa kiu, jifunze kukinga mvua kwa tanga, nawe uyaache maji ya kwanza yasuuze chumvi iliyoganda kwenye kitambaa.

Swali: Siku nzima unafanya nini? Huchoki kukaa bure?

Aliyeuliza hajawahi kwenda. Alfajiri nazunguka sitaha nzima kutoka omo hadi tezi, nikitazama chini kabla ya kutazama juu, kwa sababu pini au skrubu iliyolala sitahani asubuhi imetoka mahali fulani mlingotini, na kazi yangu ya saa inayofuata ni kupajua mahali hapo. Kisha kamba. Kamba inayosuguana na puli mahali pamoja kwa wiki mbili hukatika, kwa hiyo kila siku naivuta au kuilegeza kiasi cha upana wa kiganja, ili msuguano uhamie sehemu mpya. Mayai nayageuza kila baada ya siku chache. Yakipakwa mafuta ya mgando na kugeuzwa hukaa wiki nyingi bila jokofu. Karatasi za makopo nazibandua kabla ya safari na kuandika jina kwa rangi juu ya bati, kwa kuwa maji yakiingia, karatasi zote huogelea hadi ngamani, chini kabisa ya chombo, na kuziba pampu saa ileile unayoihitaji. Naoga kwa maji ya bahari, lakini namalizia kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, hasa makalioni na viwikoni, kwani vidonda vya chumvi vimewasumbua watu wengi kuliko papa.

Adhuhuri natia alama ramani. Jioni, kabla ya giza, napunguza tanga hata kama upepo ni mzuri, nao wanaoliona jambo hilo kuwa uoga wakapunguze lao saa nane za usiku. Kipimahewa nakisoma kila mara ninapoandika batli. Katika maeneo ya tropiki hupanda na kushuka chenyewe mara mbili kwa siku, polepole, kama pumzi. Mpigo huo ukivurugika, siulizi utabiri unasemaje, naanza kufunga kila kisichofungwa.

Swali: Ndugu yangu alisikia watu wakizungumza chini ya sitaha. Je, bahari inatia wazimu?

Alikuwa amekosa usingizi. Slocum mwenyewe, akiumwa tumbo baada ya kula plamu na jibini, alimwona mtu ameshika usukani wake, aliyejitambulisha kuwa rubani wa Pinta, mojawapo ya meli za Columbus. Sauti hizo zikianza, usibadilishe mwelekeo wala tanga mpaka uwe umekula kitu cha moto na kulala, kisha rudia hesabu zako zote za siku hiyo, maana nyingine zitakuwa na makosa.

Swali: Nivae jaketi la kuokolea muda wote?

Livae, lakini likusaidie nini ukiwa unaelea huku chombo chako kikienda zake kwa mita 2.5 kila sekunde, usukani wa upepo ukikiongoza vizuri kabisa? Kinachomwokoa mtu wa peke yake ni mkanda wa usalama uliofungwa kwenye kamba iliyotandazwa sitahani, tena kamba fupi, ili usiweze kuvuka ukingo hata ukianguka. Éric Tabarly, baharia mashuhuri kuliko wote wa Ufaransa katika zama zake, alianguka majini usiku mmoja wa Juni 1998 bila mkanda, na chomboni walikuwapo wenzake waliomtafuta bila kumpata. Wewe huna wenzako.

Swali: Nimenunua EPIRB (kifaa cha kuita msaada kwa setilaiti) iliyotumika kutoka kwa mtu aliyeuza chombo chake. Taa inawaka. Kuna lingine la kufanya?

Tazama tarehe ya mwisho ya betri, ijaribu kwa kitufe cha majaribio tu, na uisajili upya kwa jina lako na la chombo chako kabla ya kitu kingine chochote. Kifaa hicho hutuma kwa setilaiti namba yake ya utambulisho, na waokoaji huanza kwa kumtafuta mtu aliyeandikwa kwenye namba hiyo. Usipoisajili, usiku utakaoiwasha ukiwa ndani ya mtumbwi wa mpira simu itamlilia aliyekuuzia, naye atajibu, bila kusema uongo hata kidogo, kwamba yuko kitandani kwake na hana shida yoyote.