Kwa nini si "wanted to went"

Dada wa Kayole, umeuliza kwa nini mwalimu wako wa jioni aliikosoa "She wanted to went to Gikomba", ilhali habari ni ya jana. Mwalimu yuko sahihi: Kiingereza husema "She wanted to go". Wakati umeshabebwa na "wanted". Kitenzi kinachofuata "to" hakibebi wakati tena, wala hakijali mtendaji ni nani. Nasi kwa Kiswahili husema "alitaka kwenda", si "alitaka alikwenda".

Ukitaka kukitambua kitenzi cha aina hii, badilisha wakati wa sentensi. "He enjoys cooking" inakuwa "He enjoyed cooking": "cooking" haijatikisika. Mbali na umbo la "to go" na la "-ing" kama "cooking", umbo la tatu lisilobeba wakati, kama "broken" katika "a broken chair", halisumbui sana.

Penye shida hasa ni "look forward to", yaani kutazamia kwa hamu. Maofisini hapa Nairobi utakuta barua zinaishia "I look forward to hear from you". Hapo "to" ni kihusishi, yaani neno linalofuatwa na nomino au umbo la "-ing", kama katika "I look forward to the meeting", kwa hiyo andika "hearing". Tofautisha pia "he stopped smoking", yaani aliacha sigara, na "he stopped to smoke", alisimama ili avute.