Mustang ya 66 kugoma ikipata moto, na maji miguuni

Kaka hongera kwa chuma, hiyo Ford Mustang ya 1966, ila hilo ulilouliza la kuwaka vizuri asubuhi alafu ukisimama sheli na joto la Houston inagoma, usikimbilie kununua pampu ya mafuta, mimi nilibadilisha na haikusaidia kitu. Mara nyingi ni petroli inachemka ndani ya kabureta (kile kinachochanganya petroli na hewa) ukishazima injini. Ikigoma tena kanyaga mafuta mpaka chini, shikilia hapohapo usipampu, piga stata, ikiwaka na harufu kali ya petroli basi ndo yenyewe, weka spesa, yaani kipande cha kuzuia joto, chini ya kabureta. Mipira ya mafuta nayo badilisha yote, petroli ya Marekani siku hizi ina ethanoli kama 10% inakula mipira ya zamani, ikunje uone nyufa.

Hayo maji yanayoingia miguuni ndani ya gari ni kutu chini ya matundu ya hewa pale mbele ya kioo, za 65 mpaka 68 ndo ugonjwa wao. Mwagia jagi la maji pale, mwenzio alale ndani na tochi aone yanapotokea.

Ila breki kwanza bana! Ya 66 ina masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) ya chumba kimoja, ikivuja sehemu moja tu pedali inazama na zote nne zimeenda. Funga ya vyumba viwili kama za 67.