Kwa anayeanza kusoma urafiki wa China na Pakistan: tafuta kisichoandikwa

Utakutana mapema na ule wimbo wao: urafiki ulio juu kuliko milima, wenye kina kuliko bahari, mtamu kuliko asali. Usipoteze wino kuunakili. Tafuta kwanza kifungu kinachosema China itaingia vitani India ikiishambulia Pakistan. Hakipo. Mkataba wa urafiki na ujirani mwema wa Aprili 2005 unaikataza kila nchi kujiunga na kambi inayohatarisha mamlaka au mipaka ya mwenzake, lakini hauilazimishi China kupeleka hata askari mmoja. Ukiandika kwamba wamefungwa na mkataba wa kulindana, kazi yako imeharibika kwenye aya ya kwanza.

Kisha panga tarehe, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. Husemwa kwamba vita vya China na India vya Oktoba na Novemba 1962 ndivyo vilivyozaa urafiki huu. Ukweli umepindapinda zaidi. Pakistan iliitambua China ya Mao mwaka 1950, halafu ikajiunga na kambi ya Marekani kupitia miungano miwili ya kijeshi: SEATO, ya Asia ya Kusini-Mashariki, mwaka 1954, na Mapatano ya Baghdad, ya Mashariki ya Kati, mwaka uliofuata. Mwaka 1959 Ayub Khan, mtawala wa Pakistan, aliipendekezea India ulinzi wa pamoja, Nehru, waziri mkuu wa India, akakataa. Pakistan na China zilitangaza Mei 1962 kwamba zitazungumzia mpaka, miezi kadhaa kabla ya risasi kulia. Vita viliharakisha jambo lililokuwa limeshaanza.

Mpaka wenyewe ulikubaliwa Beijing tarehe 2 Machi 1963, na makubaliano hayo yasome kwa jicho lako, ni mafupi. Nenda moja kwa moja kifungu cha 6. Kinasema mgogoro wa Kashmir, eneo linalogombewa na India na Pakistan, ukimalizika, mwenye mamlaka atakayepatikana atafungua upya mazungumzo na China. Yaani Pakistan ilitia saini mpaka huku ikikiri kwa maandishi kwamba umiliki wa eneo haujaamuliwa. Sasa fungua ramani, tafuta mlima K2, sogea kaskazini hadi bonde la Shaksgam. India inadai kilomita za mraba 5,180 hapo zilitolewa kwa China kinyume cha haki. Weka ramani tatu mezani: ya India, ya Pakistan, na isiyo ya upande wowote. Anayetumia moja tu huishia kuchora msimamo wa serikali fulani akidhani anachora jiografia.

Baada ya hapo chora jedwali la siku za vita, maana hapo ndipo ushirika unapopimwa. Safu ya kwanza mwaka, ya pili China ilisema nini, ya tatu ilifanya nini. Septemba 1965, India na Pakistan zikipigana, China iliipa India siku tatu kuondoa vituo vyake mpakani mwa Sikkim, ikaongeza muda, kisha vita vikasitishwa bila China kuvuka mpaka. Desemba 1971 Pakistan ilishindwa na India, ikagawanyika, upande wake wa mashariki ukawa Bangladesh, na jeshi la China halikuja. India ilikuwa imetia saini mkataba na Wasovieti Agosti mwaka huo, na theluji ilikuwa imefunga njia za milimani. Katika vita vya Kargil, huko Kashmir, 1999, China ilizitaka pande zote mbili zizungumze. Safu ya tatu karibu ni tupu, na utupu huo ndio jibu lenyewe: China huipa Pakistan nguvu ya kupigana ili yenyewe isilazimike kupigana. Kumbuka pia kwamba biashara yake na India hupita dola bilioni 100 kwa mwaka, wakati ile ya Pakistan huzunguka bilioni 20 na ushei. Hakuna mwenye duka anayechoma soko lake kwa ajili ya jirani.

Safu ya nne iwe ya kura. Kura ya turufu ya kwanza ya China ya Mao katika Baraza la Usalama, Agosti 1972, iliizuia Bangladesh kuingia Umoja wa Mataifa, kwa ajili ya Pakistan. Kwa miaka mingi China ilizuia pia Masood Azhar, kiongozi wa kundi la wapiganaji la Jaish-e-Mohammed lenye makao Pakistan, asiwekwe kwenye orodha ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa, ikalegeza Mei 2019. Kulegeza huko nako kuandike. Anayeandika vizuizi tu hataona mahali urafiki unapochoka.

Fedha zina mtego wake. Aprili 2015 ilitangazwa miradi ya China nchini Pakistan, iitwayo CPEC, ya dola bilioni 46, karibu bilioni 34 zikiwa za umeme, na baadaye ikatajwa bilioni 62. Hizo ni ahadi. Kuzijumlisha kama fedha zilizotoka ni sawa na kuhesabu kadi za michango ya harusi kabla mweka hazina hajapokea kitu. Tenganisha kilichotangazwa, kilichotiwa saini na kilichojengwa. Kisha tenganisha mkopo, mtaji na msaada. Barabara ya Karakoram inayounganisha nchi hizi mbili nayo usiichukulie kama mstari kwenye ramani. Inapita Khunjerab, njia ya mlimani mpakani, mita 4,693 juu ya usawa wa bahari, na Januari 2010 mlima uliporomoka Attabad, upande wa Pakistan, ukaziba mto na kuzaa ziwa lililomeza kipande cha barabara. Mizigo ilivushwa kwa boti mpaka mahandaki yalipofunguliwa Septemba 2015. Ukiambiwa njia hii itachukua nafasi ya meli za mafuta, kumbuka zile boti. (Gwadar, bandari iliyo mwisho wa njia, ilikuwa ya Oman hadi 1958. Msomaji wa Zanzibar au Mombasa anayewajua Wabulushi, askari wa masultani, anaujua mwambao ule wa Makran zaidi ya anavyodhani.)

Silaha ndizo zenye takwimu nzuri, na ndizo zinazosomwa vibaya. SIPRI, taasisi ya utafiti wa amani ya Stockholm, inasema asilimia 81 ya silaha kubwa zilizoingia Pakistan mwaka 2020 hadi 2024 zilitoka China. Vipimo vya SIPRI si dola. Hupima uwezo wa silaha, kwa hiyo usivigeuze kuwa bei. Halafu fungua mashine yenyewe uone kilichomo. JF-17, ndege ya kivita waliyoiunda pamoja na inayotengenezwa Kamra, Pakistan, inaruka kwa injini ya RD-93 kutoka Urusi, nchi iliyoiuzia India silaha kwa miongo. Nyambizi nane za aina ya Hangor zimegawanywa: nne zijengwe China, nne Karachi. Uliza kila mara ni kipi kimekabidhiwa na kipi bado kiko kwenye karatasi.

Kuhusu mapigano ya India na Pakistan ya Mei 2025, andika madai ya kila upande kwenye mstari wake, pamoja na tarehe. Pakistan ilitaja idadi ya ndege ilizoangusha. India ilikiri baadaye kupoteza ndege bila kutaja ngapi. Mabaki ya kombora la Kichina la PL-15 yaliokotwa Hoshiarpur, Punjab, upande wa India. Hayo yanathibitisha kwamba kombora lilirushwa, si kwamba lilipiga.